Vidonge Alivyoacha Baba Simiyu

Jumanne, 18 Septemba 1984

Nimechekecha unga. Ule wa manjano tena. Mwanangu Simiyu haupendi, ati una harufu ya gunia. Amekula nusu akaenda soko la Kariokor kukata akala zake za matairi. Mboga nimeuza hadi saa tisa, vumbi lote la Jogoo Road limeishia kwenye sukuma wiki yangu. Mwalimu wa ngumbaru alisema sisi watu wazima tuandike kila siku hata mistari miwili, mkono usisahau. Hii imepita miwili.

Asubuhi Simiyu alikohoa. Mara tatu. Kimya. Halafu moja ya mwisho. Nilikuwa nimeshika sufuria, nikasimama nayo. Baba yake alikuwa akikohoa hivyo hivyo. Tatu, kimya, moja. Nyuma ya pazia hili hili. Kule nyumbani mtu wa miaka ishirini na saba hawezi kulala nyumba moja na mama yake. Hapa Mbotela pazia ndilo ukuta.

Miaka kumi na tatu sijasikia kikohozi hicho. Nilidhani tulikizika naye.

Alhamisi, 20 Septemba

Damu. Si uzi mmoja kama ile ya Aprili. Kijiko kizima. Alitema kwenye leso akaificha mfukoni, ikapenya suruali. Nilipiga kelele. Mama Njoki wa mlango wa pili akaja na mwiko, alidhani ni mwizi. Alipoona akauweka mwiko chini. Akasema, "Mama Simiyu, kesho ni hospitali. Akikataa nitambeba mgongoni, na mgongo wenyewe unaujua." Simiyu akacheka. Kicheko kikaleta damu nyingine.

Kwa nini sikumpeleka Aprili. Najua kwa nini. Leo siandiki.

Jumatatu, 24 Septemba

Hospitali kuu tangu asubuhi. Benchi. Picha ya kifua. Daktari ni mtu mrefu, mpole, mikono yake safi sana. Aliweka picha kwenye taa. Pafu la kulia lina kovu jeupe juu. Hilo nalijua, ni TB ya utotoni, aliambukizwa na baba yake, yeye akapona. Pafu la kushoto, pale linaposhikana na moyo, kuna kitu kama ngumi ya mtoto. Hicho sikijui.

Simiyu alitolewa nje kutema makohozi kwenye kikopo. Daktari akaniuliza, amekunywa dawa yoyote mwaka huu? Nikasema hapana. Haraka sana. Akaandika hapana.

Neno moja tu.

Ijumaa, 28 Septemba

Walimwingiza bomba lenye taa kooni, wakachungulia, wakanyofoa kipande kidogo cha ile nyama wakakipime. Ametoka amelegea. "Mama, nimemeza kurunzi," akaniambia. Sauti yake inakwaruza. Wamesema itarudi, ni bomba.

Nekesa alikuja na machungwa. Ndiye msichana ambaye Simiyu anataka kumwoa, anakaa kwa shangazi yake Makongeni. Alimenya yote akapanga kwenye sahani, hakula hata moja. Sikuweza kumtazama. Yeye hajui kwamba amo ndani ya jambo hili.

Jumapili, 30 Septemba

Kanisani sikuimba. Nimerudi, niandike tu.

Aprili Simiyu alitema uzi wa damu. Watu wa Nekesa walikuwa waje Pasaka kutuona. Wazee wa kwetu wakija kwa mambo ya ndoa huuliza: kwa nyumba hiyo kuna kifafa? kuna wazimu? kuna kifua? Mume wangu alikufa kwa kifua na wanajua. Wangesikia na mtoto anahudhuria kliniki ya kifua, wangegeuza hata chai hawajanywa. Na kadi ya kliniki ina njia ya kufika Makongeni kabla ya mwenye kadi.

Kwa hiyo nilifungua kopo. Kopo la kakao, chini ya kitanda changu. Vidonge vyeupe alivyoacha Baba Simiyu. Sikuvitupa. Nani anatupa dawa? Hapa mtu akipona, kinachobaki anampa jirani. Nilimwambia Simiyu rafiki yangu wa dispensari amenipa. Akaniamini, mimi si mama yake? Kimoja asubuhi, kimoja jioni, mpaka Agosti. Kikohozi kikapungua wiki za kwanza. Nikamshukuru Mungu. Nilimshukuru kwa sauti.

Wageni walikuja, wakala, wakaridhika.

Jumatano, 3 Oktoba

Si TB. Ni kansa. Daktari alisema ni ya ile aina inayotembea polepole. Niliuliza polepole ni kiasi gani. Akasema miezi, miaka. Nikahesabu Aprili mpaka Agosti kwa vidole, chini ya meza. Vidole vya mkono mmoja vikaisha.

Simiyu ametoka pale akaenda kazini moja kwa moja. Otieno, anayefanya naye kazi banda moja, anasema amekata matairi mawili mazima bila kuongea.

Jumapili, 7 Oktoba

Nimelitoa kopo. Ndani kuna bahasha ya hospitali ya siku zile, imekuwa kahawia. Nimekuwa nayo miaka yote hii na sikuwahi kuisoma. Sikuwa najua kusoma.

Leo nimesoma. Jina la mume wangu. Halafu: Meza kila siku. Usiache hata ukipata nafuu. Usibakishe.

Nimesoma mara nyingi. Usibakishe. Hakuna aliyetusomea. Alipata nafuu akaacha, akasema vingine tuweke vya akiba. Mimi ndiye nilimtafutia kopo.

Nilipoinua kichwa nikasikia: tatu, kimya, moja. Nikaita Simiyu. Hakuwemo ndani. Alikuwa nje kwenye mfereji, nikamwona dirishani anajaza debe. Sijui nilisikia nini. Sitamwambia mtu.

Jumanne, 9 Oktoba

Daktari ametueleza wote wawili. Kansa iko juu ya pafu la kushoto, imekamata bomba la hewa na imeegemea mshipa mkubwa wa damu unaoingia pafuni. Kwa mtu mwingine angelitoa pafu lote la kushoto, basi. Kwa Simiyu hawezi. La kulia lina kovu, peke yake halitambeba. Akilitoa la kushoto, kansa itakwenda na pumzi itakwenda.

Kwa hiyo anataka kuliokoa. Akate kipande cha juu chenye ugonjwa, akate na pale bomba lilipoliwa, aunganishe ncha kwa ncha. Mshipa nao hivyo hivyo, akate palipoharibika aushone. Kipande cha chini kibaki kinapumua. Akachora. Ilifanana na mti uliotolewa tawi.

Simiyu akaiangalia ile picha kama anaangalia kazi ya mtu. "Daktari, hii ni ya Kariokor. Kamba ya akala ikiliwa situpi kiatu. Nakata palipooza, natia kipande."

Daktari akacheka. "Ila akala yako haitoi damu ukikosea."

"Na mteja wangu akiona mbaya anarudi kulalamika."

Hapo daktari hakucheka. Akasema, mpaka afungue ndipo ajue kama mshipa unashoneka. Kama haushoneki, atafunga bila kutoa kitu. Kazi hii hapa haijafanywa mara nyingi. Hakutuficha.

Simiyu akasema, fungua.

Jumatatu, 15 Oktoba

Amelazwa. Kitanda cha dirishani. Walitaka watu wa kutoa damu. Nilidhani watakuja wawili. Wamekuja wa Kariokor tisa, wamevaa akala, mikono myeusi ya raba. Otieno mbele. "Mathe, usijali. Damu yangu nzito, akitiwa hii atatoka anaongea Kijaluo." Simiyu akamwambia, "Afadhali nife." Wodi nzima ikacheka, hata mzee wa kitanda cha pili mwenye mpira puani.

Nekesa naye alitoa. Shangazi yake alimkataza, akatoa. Kumbe amejua ni kifua tangu wiki iliyopita na hajakimbia. Wale niliowaficha, mwenye haja alikuwa huyu mmoja, na huyu hakuhitaji kufichwa.

Upasuaji ni keshokutwa.

Jumanne, 16 Oktoba

Sikuweza kuendelea kuficha. Nimekwenda na kopo limefungwa kwenye kanga. Nikamngoja daktari mlangoni mwa ofisi yake. Nikaliweka mezani. Nikasema yote, mpaka ile hapana yangu.

Aliweka kalamu chini. Akafungua bahasha akaisoma. Hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia. Akasema dawa hizi zinaweza kuumiza ini, na mtu mwenye ini baya havuji damu kidogo. Apime kwanza. Upasuaji umesogezwa mpaka wiki ijayo.

Nikamuuliza, Aprili ingekuwaje? Akasema pengine ilikuwa bado haijafika kwenye mshipa. Pengine ilikuwa imefika. Hajui, na hakuna atakayejua.

Nilitaka aseme moja. Ndiyo au la. Kati ya hayo mawili ndipo nitakapoishi.

Kopo amebaki nalo. Akasema habari hii ameiandika kwenye faili, kwa hiyo nimwambie Simiyu mimi mwenyewe kabla hajaisikia kwa mtu mwingine. Nikasema nitamwambia.

Jumatatu, 22 Oktoba

Ini ni zima. Kesho wanampasua. Mvua imenyesha kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, bati la wodi likapiga kelele. Simiyu alitaka dirisha lifunguliwe anuse.

Leo ilikuwa siku ya kumwambia. Nilimkata kucha. Nikamwambia Mama Njoki anamsalimu. Nikaenda nyumbani.

Jumanne, 23 Oktoba

Saa mbili asubuhi walimsukuma. Alinipungia mkono kwa vidole viwili.

Saa nne. Saa sita. Nekesa ameshona kitambaa, amefumua, ameshona. Saa nane Otieno alikuja na mandazi, tukayaangalia. Saa tisa mume wangu alikohoa kwenye korido. Mgongo wake niliuona, koti lile la kijivu. Alikuwa mtu mwingine, mgonjwa wa nje, aligeuka akanisalimia. Nikamjibu.

Saa kumi na dakika ishirini daktari akatoka. Jasho limechora shati. Akasema kipande cha juu kimetoka. Bomba la hewa limeunganishwa. Mshipa ulikuwa umeliwa ubavuni, akakata palipoliwa, akachukua ngozi nyembamba inayofunika moyo wa Simiyu mwenyewe akatia kiraka. Akaachia damu, ikapita. Akasema, "Nimeliona pafu la chini likijaa hewa kwa macho yangu."

Nilipiga magoti sakafuni. Akaniinua. Akasema bado, siku kumi hivi ndizo za kuogopa. Mshono ukiachia, ndani ya siku hizo.

Alhamisi, 25 Oktoba

Mipira miwili inatoka ubavuni inaingia kwenye chupa chini ya kitanda. Maji yanachezacheza akipumua. Siachi kuyaangalia.

Sista amenifundisha kazi. Ni lazima akohoe. Makohozi yakikaa chini pafu litajifunga, na kile kipande ndicho tulichopigania. Anaogopa kwa sababu ya maumivu. Kwa hiyo nachukua mto, naukaza kwenye mshono kwa mikono miwili, nasema kohoa. Sista anasema, "Kwa nguvu, mama, huyu si yai."

Miezi yote nilikuwa namwomba Mungu kikohozi kinyamaze. Leo nimemwinamia mwanangu nikisema kohoa, kohoa baba, tafadhali kohoa. Kikaja. Tatu, kimya, moja. Niliukaza mto nikafumba macho.

Jumatatu, 29 Oktoba

Damu mpya kwenye chupa. Nyekundu ya kuku aliyechinjwa. Watu walikuja mbio, pazia la kitanda likavutwa, nikabaki na mto mkononi upande wa nje. Walimpeleka kumchungulia tena kwa lile bomba.

Mshono umeshika. Ni kimshipa kidogo cha ubavuni kilichovuja, kimejifunga. Daktari alisema hivyo mara mbili maana mara ya kwanza sikusikia.

Kesho namwambia. Hakika kesho.

Jumanne, 30 Oktoba

Nimechelewa. Nimechelewa tena.

Asubuhi daktari mkubwa hakuwepo. Alikuja kijana mmoja wa udaktari na wenzake, akawasomea faili kando ya kitanda, kwa Kizungu. Simiyu alimaliza darasa la saba. Kizungu anakijua.

Nilipofika alikuwa anaangalia dari. Akaniuliza kwa ile sauti inayokwaruza, sauti ya baba yake ya siku za mwisho, sikuwa nimeisema humu kwamba ni yake lakini ni yake. "Mama. Zile dawa zilikuwa za nani?"

Nikasema.

"Ulinipa za mtu aliyekufa."

Nikasema ndiyo.

"Kwa sababu ya wageni wa Pasaka."

Nikasema ndiyo. Nikaanza kusema nilidhani. Akageuza uso upande wa dirisha. Nikachukua mto, ilikuwa saa yake ya kukohoa. Akautoa mkononi mwangu. Hakuutupa. Aliuweka kando taratibu, na hiyo ndiyo imeniumiza.

Alhamisi, 1 Novemba

Hakohoi nikiwa pale. Anabana. Jana homa ilipanda. Sista akasema upande wa kushoto chini hausikiki vizuri kwenye mpira wa masikio. Pafu linaanza kujifunga. Mshipa umeshonwa, bomba limeshonwa, na litakufa kwa kuwa mama yake amesimama karibu.

Nimempa Nekesa mto. Nikamwonyesha: mkono mmoja hapa, mwingine hapa, kaza akivuta pumzi, usiogope. Nikatoka nikasimama koridoni. Nikasikia Nekesa anasema, "Ukikataa mimi naenda kuolewa Kisumu na Otieno." Kisha akakohoa. Nikahesabu nje ya mlango. Alikohoa kumi na mbili.

Jumapili, 4 Novemba

Homa imeshuka. Upande wa chini unasikika. Mipira imetolewa. Daktari amesema siku za kuogopa zimepita, hizi za mshono. Zile za kansa atakuwa anaziangalia kila baada ya miezi mitatu, kwa picha. Kipande walichotoa kimepimwa, kingo zake ni safi. Nikauliza safi maana yake amepona? Akasema maana yake ni safi.

Naleta uji, naacha, natoka. Simiyu anasema asante. Asante ya kumwambia mtu wa posta.

Jumatano, 14 Novemba

Amerudi nyumbani. Otieno na wenzake walimleta. Mama Njoki amepika kuku, amemsema kwa kukonda, ati hata nzi akimkalia ataanguka. Alicheka taratibu, mkono ubavuni. Sauti bado inakwaruza. Daktari alisema kuna uzi wa sauti ulioguswa, labda utarudi.

Nimefua pazia. Nilifikiri kulitoa kabisa. Nimelirudisha, atalala wapi.

Nekesa ndiye anakuja na mto, asubuhi na jioni. Mimi natoka nje kuchagua mboga.

Chini ya kitanda changu pana duara palipokaa lile kopo. Nimepasugua na sabuni. Duara lipo.

Jumapili, 18 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Nekesa hakuja, maji yamejaa njia yote ya Makongeni. Sikwenda kanisani.

Nilikuwa nasonga ugali. Nyuma ya pazia akakohoa. Mara tatu. Kimya. Nikasimama na mwiko. Nikangoja ile ya mwisho, haikuja. Mvua tu. Nikasikia anajaribu, anabana, anaacha.

"Mama," akasema. Kisha, kama mtu anayeomba chumvi, "Mto."

Nikaenda. Aliushika upande mmoja, mimi mwingine. Hakunitazama. Nikaukaza. Ile moja ikatoka.

Ugali uliungua chini. Ameumaliza.